Mgeni Anayedaiwa

Swali la mhadhara huu ni la zamani: je, mtu aweza kuhamia nchi ya watu, akaingia katika mila zao, akawa wao hasa? Wengi wanaolijibu huanza na mhamiaji mwenyewe. Hupima bidii yake, lugha aliyojifunza, yale aliyoyaacha ya kwao, na kama ana moyo mkunjufu au mgumu. Mimi nataka tuanze na wenyeji, na tuanzie hapa hapa Mbaraki, kisiwani Mombasa. Mnara wa mawe ya matumbawe ulioinama kando ya msikiti unakisiwa kuwa wa mapema karne ya 18, na upande huu wa kisiwa ulikuwa wa Wakilindini. Leo ukitaka kujua nani ndiye Mmombasa wa asili, Mkilindini atatajwa miongoni mwa wa kwanza. Hata hivyo masimulizi ya Wakilindini wenyewe yanasema walikuja kisiwani wakitoka kwingine, wakawakuta watu wa Mvita wametangulia. Wao, Watangana na Wachangamwe wakafanya Thelatha Taifa. Waliotangulia na wengine waliozidi kuja wakafanya Tisa Taifa, na humo mna Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni, watu ambao hata kwa majina yao huhitaji kuambiwa kwamba hawakuchipuka kisiwani. Thenashara Taifa, yaani pande hizo mbili kwa pamoja, ambao leo ndio kipimo cha uenyeji wa Mombasa, ni mapatano ya wageni wa nyakati mbalimbali.

Mapatano hayo hayakumtaka mgeni asahau alikotoka. Mpate alibaki Mpate karne baada ya karne, na hakuna aliyeona ila. Alichotakiwa ni kitu kingine, na hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo: mgeni huwa mwenyeji pale wenyeji wanapoanza kumdai, na yeye akaweza kuwadai. Mapenzi yake kwa chakula chetu, kanzu yake, hata ufasaha wake wa lugha, hayo ni mazuri, lakini mtu aweza kuwa nayo yote na akabaki mtazamaji. Anayedaiwa ni mwingine. Ni yule ambaye akikosekana, watu huuliza yuko wapi.

Tutazame mazishi, kwa kuwa hapo mambo huonekana bila kupambwa. Mtu amefariki mtaa wa Kibokoni usiku. Baada ya sala ya alfajiri habari imeshatolewa msikitini, na kabla duka la kwanza halijafunguliwa kuna aliyekwenda kutafuta sanda, kuna aliyemwita mwosha maiti, na vijana wameshaelekea makaburi ya Kikowani kuchimba. Turubai linafungwa uchochoroni, viti vinakusanywa nyumba hadi nyumba, na wanawake wanawasha moto wa kuwapikia wafiwa. Jeneza likitoka, wanaume hulipokezana mabegani hatua chache chache, huyu akiingia na yule akitoka, na hakuna aliyepangiwa zamu. Mtalii aliyesimama na kamera pembeni hatalaumiwa kwa kutotia bega. Lakini jirani mwenye duka aliyebaki nyuma ya meza yake jeneza likipita atasemwa, na atasemwa jioni hiyo hiyo barazani. Hiyo lawama ndiyo dalili ninayoitafuta, kwa sababu watu hawamlaumu wasiyemhesabu. Siku mhamiaji atakapolaumiwa kwa kukosa mazishi, naye siku atakapofiwa akaona turubai limefungwa mlangoni kwake bila kuomba, huyo amekwisha kuingia, apende asipende.

Historia ya mji huu inaitia nguvu hoja hiyo kuliko nadharia yoyote. Wamazrui walikuja kutoka Oman. Baada ya Ngome ya Yesu ya Wareno kuanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, kufuatia mazingiwa ya karibu miaka 3, Mreno alirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, na ni watu wa Mombasa wenyewe waliomfukuza mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1730 Mmazrui akawekwa liwali kwa niaba ya imamu wa Oman. Kwa kawaida liwali wa namna hiyo hutumikia, hukusanya ushuru, kisha hurudi kwao. Wamazrui hawakurudi. Walitawala kwa kukubaliana na mashehe wa Tisa Taifa na wa Thelatha Taifa, wakavutwa katika ugomvi wa pande hizo mbili, wakaoa, wakaombwa kusuluhisha, wakalaumiwa walipoegemea upande mmoja. Ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka Oman katika miaka ya 1740, Wamazrui walikataa kuutii. Kufikia hapo walikuwa wakiusemea utawala wa Mombasa kama watu wa Mombasa. Wengi wao waliacha madhehebu ya Ibadhi waliyokuja nayo wakafuata ya Shafi, madhehebu ya wenyeji. Sayyid Said, wa ukoo huo wa Busaidi, alipouchukua mji mwaka 1837 na kuwakamata viongozi wao, waliosalimika hawakukimbilia Oman. Walikwenda Gazi na Takaungu, yaani kwa jamaa na marafiki wa pwani hii hii. Na katika karne ya 20, aliyewaandikia Waswahili magazeti ya kuwahimiza wajitengeneze, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Sidhani kuna aliyekaa katika darasa lake akamwona mgeni.

Mtasema: hao walikuwa watawala, na mtawala hakosi wa kumkaribisha. Ni kweli, mwenye mizinga hupokelewa upesi. Basi tuwaache, tuwatazame Wabaluchi, ambao wengi waliletwa kama askari wa mshahara wa masultani wa Oman, au Washihiri kutoka Hadhramaut, waliobeba maji na mizigo na kuuza kahawa. Hawakuwa na mizinga ya kwao. Wabaluchi wana msikiti wao Makadara na jina lao hadi leo, na nyumbani kwao kinasemwa Kiswahili. Mshihiri aliyeanza na dele la kahawa alifungua duka, mwanawe akaoa mtaani, mjukuu wake akawa mwalimu wa madrasa. Lamu kuna kisa kikubwa zaidi: Habib Saleh, mwenye asili ya Komoro, aliyefundisha watu ambao waungwana wa mji waliwaona hawastahili elimu, wakiwemo wazawa wa watumwa. Alipingwa na wakubwa. Leo msikiti wa Riyadha aliouasisi ndio unaowakusanya maelfu kila mwaka kwa Maulidi, na Lamu haijielezi tena bila yeye.

Lakini kumtaja mtumwa kunaleta pingamizi zito kuliko yote, wala sitaki kulipita kwa mbio. Kama kudaiwa ndiko kunakomfanya mtu mwenyeji, basi mtumwa angekuwa mwenyeji kuliko wote. Alidaiwa nguvu zake, usingizi wake, hata watoto wake. Alisema Kiswahili, alisali, alishika mila za mji mpaka akazijua kuliko baadhi ya mabwana, na bado kwa vizazi alihesabiwa mtu wa chini, na wajukuu wake walikumbushwa asili yao kila ulipofika wakati wa kuposa. Jibu langu ni kwamba yeye alidaiwa bila kuweza kudai. Deni la upande mmoja haliingizi mtu katika jamii, linamfunga tu. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, kilichoanza ni safari ndefu ya kupata ile nusu iliyokosekana: kumshtaki mtu kwa kadhi, kurithi, kudai mahari ya binti yako, kususa harusi ukaombwa radhi. Safari hiyo haijafika mwisho katika kila nyumba. Wapo kati yetu wanaojua kwa nini posa fulani ilirudishwa, ingawa sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa nyingine. Kwa hiyo naomba hoja yangu isichukuliwe kuwa wimbo wa kuisifu Mombasa. Mji huu ulikuwa hodari wa kupokea, na ulikuwa hodari vilevile wa kupanga watu juu na chini.

Pingamizi la pili linahusu Wahindi. Wamekuwa pwani hii kwa karne nyingi. Wamechonga milango tunayoionyesha wageni kama fahari ya Mji wa Kale, wamejenga shule na hospitali, na mwenye duka wa Kibohora husema Kiswahili cha mitaa yetu akijibizana na wateja. Lakini hawakuoana nasi isipokuwa kwa uchache, na mtu aliyezaliwa hapa, baba yake hapa na babu yake hapa, bado huitwa Mhindi kama aliyeshuka jana. Je, wameingia au hawakuingia? Nadhani kosa liko katika kutaka jibu moja. Sokoni wanadaiwa na wanadai, na hapo ni wenyeji kamili. Katika harusi na mazishi kila upande umejifungia kwake, na hapo ni majirani wema tu. Mtu aweza kuwa mwenyeji katika jambo moja na mgeni katika jingine, na maisha yakaenda. Hatari huja siasa inapogeuka. Baada ya uhuru, wakazi ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka 2, hadi Desemba 1965, kuomba uraia. Wengi wa Wahindi hawakuomba, kwa hofu au kwa kusubiri waone. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara. Machi 1968 Uingereza, waliyokuwa na pasi zake, ikawafungia mlango. Walijikuta hawadaiwi na nchi yoyote kwa namna ya kuwalinda. Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa jamii miongoni mwa jamii za nchi Julai 2017, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Kisa hicho kinatuleta kwa mwamuzi mpya, ambaye wazee wa Thenashara Taifa hawakumjua: ofisi ya serikali. Zamani aliyeamua nani ni wetu alikuwa jirani. Sasa ni karani, naye hajui ni nani alitia bega kwenye jeneza. Wamakonde waliletwa Kwale kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa humo, wakaoana na majirani, wakasema Kidigo na Kiswahili, wakajulikana kwa uchongaji. Kwa mtaa walikuwa watu wa mtaa. Kwa serikali hawakuwa watu: bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti benki, huwezi kuandikishiwa shamba. Ilibidi Oktoba 2016 watembee kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo rais akaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi ambao bahari yetu wanaijua kuliko wengi wetu, walisubiri hadi Julai 2023. Na Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia mwaka 1991 wakashuka Mombasa kwa majahazi walikuwa na jamaa Mji wa Kale, dini moja nasi, na lugha ambayo ni ndugu wa Kiswahili. Kama kufanana kungetosha, hao wangekuwa wenyeji kabla jua halijatua. Badala yake waliwekwa katika kambi kama Utange, na kambi zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990 wengi walipelekwa Kakuma, jangwani Turkana, na wengine wakaishia Marekani na Uingereza. Mtaa ulikuwa tayari kuwadai, ila haukuwa na muhuri.

Msikilizaji makini ataniuliza tena: na Likoni je? Agosti 1997 watu waliokaa ng'ambo ya kivuko kwa miaka mingi, waliochanga na majirani na kuzikana nao, walishambuliwa na kufukuzwa kwa sababu walitoka bara. Hawakuwa wageni kisheria, walikuwa Wakenya. Madeni yote ya ujirani hayakuwalinda siku zile. Sina jibu la kulifuta tukio hilo. Naweza kusema tu kwamba lilikuja miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na kwamba Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila ilikuta mikono ya wanasiasa ndani yake. Waliokaa mtaa mmoja hawakuamka asubuhi wakagundua wanachukiana. Hata hivyo lazima tukubali kwamba uenyeji hauwekwi akiba. Huishi kwa kutumiwa kila siku, na wenye nguvu wakiamua kuuvunja, unavunjika upesi kuliko ulivyojengwa.

Sasa tuvuke bahari, maana vijana wengi hapa mnawaza kuondoka au mna ndugu walioondoka. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete. Alijifunza Kijerumani mpaka akaandika kwa lugha hiyo kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 1886. Kwa kipimo cha bidii hakuna aliyemshinda. Lakini mumewe alikufa mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ambayo ilimtazama kama kioja cha mashariki. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi, nduguye Sayyid Barghash hakumpokea. Huko alikohamia hakudaiwa, huku alikotoka alikataliwa kudai. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Mfano wa kinyume ni wale waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964 na baadaye wakaitwa Oman, Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akihitaji watu waliosoma. Hao walikuwa na nasaba, na nasaba iliwapatia pasi na kazi. Lakini walifika wakisema Kiswahili nyumbani, Kiarabu chao kikiwa na kasoro, na wenzao wakawaita Wazanzibari. Damu iliwafungulia lango, ila ukaribu wa mtaani ulibidi waujenge upya, nao wameujenga kwa muda wa vizazi viwili.

Nchi za Ulaya zimechagua njia nyingine: mtihani. Uingereza tangu 2005 humtaka anayeomba uraia ajibu maswali juu ya maisha na historia ya nchi hiyo. Si vibaya kuijua historia ya watu unaoishi nao. Lakini mtihani hupima anachojua mtu, wala haupimi nani atagonga mlango wake akifiwa. Kijana wetu aliyehamia London hulipa kodi, hutii sheria, hupita mtihani, na akilala nyumbani wiki nzima hakuna wa kumwuliza. Nani anayemdai? Simu yake inalia: ni kundi la WhatsApp la ukoo, kuna mchango wa harusi Majengo, kuna hitima, kuna ada ya mtoto wa dada. Anatuma. Ndiyo maana baada ya miaka 20 bado ni mtu wa Mombasa anayeishi London. Watu humcheka kwamba amekataa kubadilika. Mimi naona amebaki pale anapodaiwa, na hajapata wa kumdai kwingine. Msikiti wa mtaa wake wa London, chama cha wafanyakazi au kamati ya wazazi ya shule ingemvuta zaidi kuliko kitabu cha maswali.

Kwa upande wetu, tuwatazame wageni wa leo. Malindi wamo Waitaliano wengi wenye nyumba, na baadhi wamekaa miongo. Matokeo yake ni kwamba wenyeji wamejifunza Kiitaliano, wahudumu na wauza vinyago wanakisema vizuri, huku wenye nyumba wengi wakitosheka na salamu za Kiswahili. Sababu ni nyepesi: wanadaiwa fedha tu, na mwenye kudaiwa fedha peke yake ni mteja. Na lawama ni yetu pia. Tumezoea kumwona Mzungu kama bei. Hatumwambii leo ni zamu yako kusimamia mkutano wa maji, hatumlaumu kwa kukosa mazishi, hatumkosoi mwanawe akitukana wakubwa. Tunamwacha nje kwa adabu kubwa, kisha tunasema hawa hawaingiliki. Wachache waliooa au kuolewa huku na wakakubali kubebeshwa mizigo ya ukoo wamekuwa watu wa kawaida kabisa, hata kwa kugombana na wakwe.

Jibu langu basi ni ndiyo, mgeni huingia, lakini mara chache katika maisha yake mwenyewe kikamilifu, na haingii kwa juhudi yake peke yake. Mara nyingi kinachofika ni kizazi cha pili au cha tatu, nacho hufika pale tu wenyeji walipokubali kudai na kudaiwa. Ombi langu nalielekeza kwa wazee wanaokaa na machifu kuwasaili vijana wanaoomba vitambulisho hapa Pwani. Kijana wa Kipemba, wa Kimakonde, au mwenye jina la Kiarabu au la Kibaluchi akija mbele yenu, msiishie kumwuliza cheti cha babu yake, karatasi ambayo babu zenu nyinyi pia hawakuwa nayo. Ulizeni mtaani kwake kama nyumba yao huitwa wakati wa mchango na wakati wa msiba, na kama wao wakifiwa watu huenda. Mkishapata jibu, tieni sahihi fomu yake siku hiyo hiyo.